Hangover Square (1945): kwa nini Laird Cregar anaonekana mnene ukutani?

Kijana wa Kikwajuni
Assalaam alaykum wana sinema. Ijumaa baada ya Isha tunaonyesha *Hangover Square* uani, watu kama 40. Tuna projekta ya kukodi, kompyuta, na spika mbili. Kwenye majaribio Laird Cregar, mwigizaji mkuu, ametoka mfupi na mpana, ilhali kila anayeisimulia filamu hii husema kakonda mpaka kafa. Piano nayo inalia kama redio ya mbao. Kosa liko wapi? Na habari ya kifo chake tuwaambie watu mwanzo au mwisho?

Fundi wa Ng'ambo
Wa alaykum salaam. Uso kwanza. Filamu za miaka ile zina umbo la nne kwa tatu, karibu na mraba. Projekta yenu iko kwenye 16:9, umbo pana la televisheni za siku hizi, imeivuta picha ijaze ukuta, basi kila kitu kimepanuka kama theluthi moja. Maskini, mtu kahangaika kupunguza ratili mia, nyinyi mnamrudishia kwa kitufe kimoja!

Ingia kwenye menyu ya projekta, tafuta umbo la picha, weka 4:3. Kwenye kompyuta usiguse kitu. Ukirekebisha pande zote mbili atatoka mwembamba kama ufito. Hapo rudisha upande mmoja. Usiamini jicho: simamisha picha kwenye kitu cha duara kinachoitazama kamera, kama saa, kisha pima upana na kimo kwa futi kamba. Vikilingana, umemaliza. Ukuta wenu ukipata kimo cha mita 1.8, upana uwe 2.4, si zaidi.

Sauti: filamu hii ni mono, spika zote mbili zinatoa kitu kimoja. Nyaya za spika moja zikigeuzwa, chanya kwenye hasi, koni (ngozi ya spika inayotikisika) moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinauana hewani. Chomoa spika moja usikilize. Besi ikirudi, ndiyo hiyo. Zima amplifaya, geuza nyaya za spika moja tu.

Taa ya uani izimwe. Hii ni London ya 1903, ukungu na taa za gesi. Mwanga kidogo tu ukutani, weusi wote unageuka kijivu na nusu ya filamu imekwenda.

Bi Shangani
Nijibu la Cregar, maana hapa watu huchanganya sana. Alikuwa na uzito wa ratili 300 hivi, na studio ya 20th Century Fox ikimpa majitu na wabaya. Yeye akitaka kuwa mhusika mkuu anayependwa na wanawake. Akajinyima chakula, akatumia amfetamini (dawa ya kuchangamsha mwili), akashuka kama ratili 100 katika muda mfupi. Tumbo likaharibika, akapasuliwa, kisha moyo ukasimama tarehe 9 Disemba 1944. Umri miaka 31. Filamu ikatoka Februari 1945, mwenyewe hayupo.

Amfetamini huua njaa na wakati huohuo huukimbiza moyo. Mtu asiyekula, mwili huanza kula nyama yake wenyewe, na moyo nao ni nyama. Chumvi za damu kama potasiamu zikishuka, mapigo hupotea mpango. Ongeza upasuaji juu yake. Kwa hiyo "kafa kwa ajili ya filamu" si sawasawa. Alikondea kazi aliyoitamani baadaye.

Tena hadithi yenyewe aliipenda kabla ya wakubwa wake. Riwaya ya Patrick Hamilton inatokea 1939, na mtu wake si mtunzi wa muziki hata kidogo. Studio ikaigeuza, ikairudisha nyuma hadi 1903, ikampa George Harvey Bone, mhusika mkuu anayechezwa na Cregar, piano. Cregar akaikataa, akasimamishwa kazi, ndipo akakubali.

Mimi ningewaambia mwisho. Ukisema mwanzo watu watatafuta maiti usoni badala ya kutazama uigizaji. Kelele kali inapompiga Bone na akili ikampotea, mtazameni macho: hayatoki kodo, yanaondoka tu, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Hayo si ugonjwa, ni ufundi. Anayetaka kulinganisha aweke *The Lodger* ya 1944 kando: mwongozaji yuleyule, John Brahm, na mwigizaji George Sanders yumo katika zote mbili. Ila mpiga picha si yule (kule Lucien Ballard, huku Joseph LaShelle), kwa hiyo si kila kivuli shavuni ni njaa.

Mmakunduchi
Mandhari ya moto wa tarehe 5 Novemba msiikatize kwa maelezo. Waingereza usiku ule huchoma masanamu, na Bone anapanda ngazi na mwili wa Netta, mwimbaji aliyemuua, umefunikwa sura, umati unashangilia ukidhani ni sanamu jengine. Aliyezoea Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya Makunduchi ya kuchoma banda, ataelewa upesi kuliko mtu wa London. Tofauti ni kwamba kwetu banda likiwaka aliyemo hutoka mbio.

Kijana wa Kikwajuni
Ahsanteni. Nyaya kweli zilikuwa kinyume, na saa sasa ni duara. Tuna mtafsiri wa kusimulia kwa Kiswahili. Tatizo?

Bi Shangani
Aseme mpaka Bone anapokaa kwenye piano nyumbani kwa Sir Henry, mwanamuziki anayemsaidia, halafu anyamaze. Konseto ile (muziki wa piano na okestra) Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa filamu hii, aliitunga kwanza, kamera ikaufuata muziki. Ni kama dakika 10 za wageni kukimbia, moto kupanda, na mtu mmoja kuendelea kupiga. Stephen Sondheim, mtunzi wa michezo ya muziki ya jukwaani, aliisikia akiwa kijana, na mchezo wake *Sweeney Todd* ulipata msukumo humo.

Fundi wa Ng'ambo
Na umeme ukikatika hapo, msiwashe projekta papohapo. Taa yake ipoe kwanza dakika chache, la sivyo yaweza kuharibika. Ukirudi, msianzie mlipoishia. Rudisheni mpaka noti ya kwanza ya konseto.