Hivi muvi za Weusi wa Marekani na za kung fu zilianzaje kuchanganyika miaka ya 70?

KandaKanda

Wakuu habari za muda. Nimerudia kuangalia Enter the Dragon na safari hii macho yangu yote yalikuwa kwa yule jamaa wa afro, Williams, yaani Jim Kelly. Yule bwana akiingia tu kwenye picha unaona kabisa katokea muvi nyingine, anaongea kwa nyodo, anampiga mtu huku anacheka, anaweka dau lake kama yuko kijiweni, halafu huyooo anauawa kabla shughuli haijakolea na yule mzungu Roper anabaki hai. Imeniuma aisee.

Nikaanza kufukua nikakuta kumbe kuna ukoo mzima wa hizi vitu, Black Belt Jones, Cleopatra Jones, T.N.T. Jackson, Black Samurai, zote zimetoka kati ya 1973 na 1977. Sasa swali langu, ilikuwaje? Huku una wauza unga wa Harlem (mtaa wa Weusi New York), madetektivu wenye makoti ya ngozi na muziki wa funk, kule una watawa wa Shaolin na watu wanaruka ukuta. Nani alikaa akaona blaksploitesheni, yaani hizo muvi za Weusi, na kung fu zinaweza kuoana? Ni biashara ya studio tu au kuna kitu kingine? Na Kelly alikuwa anajua kweli au ni ujanja wa kamera?

MzeeProjekta

Karibu kwenye ugonjwa huu mkuu, hauna dawa. Mi naanza na biashara maana mzizi uko hapo, wenye siasa watakuja nyuma yangu nawajua.

Mwisho wa miaka ya 60 Hollywood ilikuwa hoi, muvi za gharama kubwa zinabuma moja baada ya nyingine, na huku wazungu wengi walishahama katikati ya miji wakaenda kuishi vitongojini, wakayaacha yale majumba makubwa ya sinema ya mjini na viti vyake vyote. Nani kabaki mjini kukata tiketi? Weusi na Walatino, tena vijana. 1971 Melvin Van Peebles akatoa Sweet Sweetback kwa hela ya kuungaunga nje ya studio kubwa, ikapiga pesa, mwaka huohuo studio ya MGM wakatoa Shaft, 1972 ikaja Super Fly, basi kila studio ikashtuka kumbe kuna umati ulikuwa unasubiri stelingi mweusi asiyemnyenyekea mtu.

Sasa cheki nani alisambaza Super Fly. Warner Bros. Na nani alichukua King Boxer ya Shaw Brothers, studio ya Hong Kong, akaibadilisha jina ikawa Five Fingers of Death na kuiachia Marekani mwezi wa tatu 1973? Warner haohao. Walishajua majumba gani yanajaa na watu gani wanakaa humo, kwa hiyo kung fu ilipelekwa kwenye skrini zilezile kwa watu walewale, mara nyingi picha mbili kwa tiketi moja, mtu anaingia sinema pale mtaa wa 42nd Street New York mchana kweupe anatoka giza limeingia kashaona Harlem na Hong Kong kwa mpigo. Waliochanganya kwanza ni watazamaji jamani, studio zilikuja kufuata nyayo. Mei 1973 kuna wiki nafasi tatu za juu za mauzo Marekani zilishikwa na muvi tatu za Hong Kong, ya Lo Lieh (hiyohiyo Five Fingers of Death), ya Bruce Lee na ya Angela Mao. Hiyo ni kabla hata Enter the Dragon haijatoka!

Halafu sikiliza kitu kimoja ndani ya hiyo Five Fingers of Death. Kila Lo Lieh akipandisha hasira viganja vyake vinawaka vyekundu na king'ora kinalia, unajua kile king'ora ni cha nani? Quincy Jones, kimetolewa kwenye muziki alioutunga kwa ajili ya tamthilia ya polisi ya Ironside. Yaani Hong Kong walikuwa wanasikiliza funk ya Weusi kabla Weusi hawajaanza kuigiza kung fu.

Agosti 1973 ndo Enter the Dragon, bajeti kama dola 850,000, Bruce Lee alishafariki tarehe 20 Julai hakuiona ikiingia mtaani. Mchina mmoja, mzungu mmoja, mweusi mmoja, kila mnunuzi wa tiketi kawekewa mtu wake. Hesabu ilipokubali, maprodyuza walewale Fred Weintraub na Paul Heller na dairekta yuleyule Robert Clouse wakarudi 1974 na Black Belt Jones, safari hii Kelly ndo stelingi mwenyewe. Sasa niambie kama hiyo siyo biashara ni nini.

BiAfro

Mzee wangu shikamoo, hapo tunaenda pamoja mpaka nusu ya njia. Viti vinaeleza kwa nini picha zililetwa, havielezi kwa nini watu walikaa mpaka mwisho na wakarudi wiki iliyofuata. Mbona walileta na takataka nyingine kibao kwenye majumba hayohayo zikafa?

Kwenye kung fu stelingi hana bunduki, hana hela, hana serikali nyuma yake, ana mwili wake na mazoezi basi. Angalia Fist of Fury ya 1972, Shanghai imejaa wageni wanaojiona wenye mji, kwenye geti la bustani pana kibao kinakataza mbwa na Wachina, Bruce Lee anakirusha juu anaruka nacho anakivunja kwa teke. Mtu aliyekulia kusini mwa Marekani kwenye vibao vya wazungu tu, na sheria ya kuvifuta imepita 1964, hiyo sehemu unamfafanulia nini? Anaielewa hata ukizima sauti, tena bora uzime maana zile sauti za Kiingereza walizobandika juu zilikuwa mateso.

Na kingine, Weusi hawakungoja sinema ndo waanze kareti. Wanajeshi weusi walikuwa wanajifunza Okinawa na Korea wanarudi nyumbani wanafungua shule, Vietnam ikaongeza wengine. Los Angeles kulikuwa na chama chao cha kareti, Black Karate Federation (BKF). Ile shule ambayo Williams kwenye Enter the Dragon anapita kuaga kabla ya safari ni ya hao BKF kabisa na yule mwalimu anayeagana naye ni Steve Sanders, mmoja wa waanzilishi wao, siyo mwigizaji wa kukodi. Mtu wa kawaida anaona sekunde chache za mazoezi, waliokuwa wanajua nembo ile walikuwa wanapiga kelele ukumbini.

Halafu kinachofuata ndo roho ya jambo lenyewe. Kelly anatoka pale usiku na begi lake, polisi wawili wazungu wanamsimamisha bila sababu, wanampekua, wanakuta pasipoti, wanaanza kumkejeli na kumshika vibaya, anawalaza wote wawili chini, anaingia kwenye gari lao la doria anaondoka nalo. Muvi ya Hong Kong na ya Harlem zimekutana palepale wala kisiwani kwa Han, yule adui mkuu, hawajafika bado. Hiyo hesabu ya Warner haikuweza kuipanga, hiyo ililetwa na wakati wenyewe.

Kwa swali lako KandaKanda, Kelly alikuwa anajua kweli. 1971 alichukua ubingwa wa uzito wa kati kwenye mashindano ya kimataifa ya kareti ya Long Beach. Kwenye sinema aliingia kwa kumfundisha kareti mwigizaji Calvin Lockhart kwa ajili ya Melinda ya 1972 na yeye mwenyewe akapewa nafasi humo. Nafasi ya Williams ilikuwa ya Rockne Tarkington, akajitoa dakika za mwisho, ndo Kelly akaitwa. Kujitoa kwa mtu mmoja huko kumeleta nusu ya muvi unazozitaja hapo juu.

TekeLaHewani

Na msisahau Williams kafa kwa kosa la Bruce Lee 😂 Lee ndo alizurura usiku akapiga walinzi, Williams alitoka kuvuta hewa tu, kesho yake anaitwa ofisini kwa Han anaambiwa ni wewe. Hata kutaja jina la mwenzake kagoma. Halafu anakutana na mkono wa chuma wa Han. Kesi ya kubambikiwa kabisa hiyo, Harlem wakiona wanasema hii tunaijua.

Pia mmeacha wimbo wa Kung Fu Fighting wa 1974, Carl Douglas Mjamaika, prodyuza Biddu mzaliwa wa India, imerekodiwa Uingereza, ikashika namba moja kule na Marekani. Mchanganyiko wenu ulishavuka bahari mbili huo.

Sikubali_Kirahisi

Naomba niwe mchawi wa uzi huu. Mnazipamba sana hizi muvi. 1972 tu NAACP, CORE na SCLC, vyama vya kutetea haki za Weusi, walishaungana kuzipinga kwamba zinamuuza mweusi kama mhuni, malaya na muuza unga, na walipoongeza kung fu juu yake hela bado ilikuwa inaishia kwa maprodyuza wazungu. Chukua T.N.T. Jackson ya 1974, imepigwa Ufilipino na Cirio Santiago kwa ajili ya kompani ya Roger Corman, bajeti ya mawazo, na kitu pekee watu wanachokikumbuka ni Jeannie Bell anapigana karibu uchi huku anazima na kuwasha taa. Huo nao ni ukombozi? Anasogea kwenye swichi, giza, pa! taa, mtu kaanguka, giza tena. Teke hata moja halionekani vizuri maana dada wa watu hajui kupiga teke, ndo sababu taa inazimwa.

Na Black Samurai ya 1977 naiacha, mliyoiona mnajua.

BiAfro

Kaka Sikubali ya Black Samurai nakupa yote, sina utetezi. Lakini umechagua zile za chini ukaacha za juu. Three the Hard Way ya 1974 imeongozwa na mweusi, Gordon Parks mdogo, yuleyule wa Super Fly, Kelly yuko na Jim Brown na Fred Williamson, na maadui zao wanataka kumwaga kwenye maji ya miji mitatu sumu inayoua Weusi peke yao. Unacheka mpaka unakumbuka kwamba 1972 magazeti ya Marekani yalikuwa yametoka kufichua habari za Tuskegee, wanaume weusi wenye kaswende wameachwa bila tiba miaka 40 ili watafiti waangalie tu. Waliokuwa ukumbini hawakuhitaji kushawishiwa kuwa jambo kama lile linawezekana.

Na ukitaka ndoa halali ya pande mbili, tena yenye cheti, ni Cleopatra Jones and the Casino of Gold ya 1975. Warner na Shaw Brothers walitia hela pamoja, wakapiga Hong Kong na Macau. Tamara Dobson, ndo Cleopatra mwenyewe, ana futi sita na inchi mbili, akipita kwenye vichochoro vya Hong Kong na yale mavazi watu wanageuka kweli, siyo kuigiza. Lakini kinachonifurahisha ni Tanny, yule dada wa Kichina anayeshirikiana naye. Hajawekwa kuwa msaidizi wa kubeba begi. Anaendesha pikipiki, anapiga, anakuwa na mpango wake, na mwisho wanabomoa kasino pamoja. Wanawake wawili, mmoja mweusi mmoja Mchina, hamna mwanaume wa kuja kuwaokoa. Mwaka 1975! Hadithi ina mashimo, sikatai, ila hilo peke yake linatosha kuitafuta.

KandaKanda

Dah uzi umekuwa darasa. Sasa upande wa pili ilikuwaje, kuna Weusi waliokwenda kufanya kazi Hong Kong moja kwa moja au wote waliishia kwa Warner?

MzeeProjekta

Wapo mkuu. Wa kwanza kumtaja ni Ron Van Clief, mtu wa Brooklyn, aliwahi kuwa mwanamaji wa Marines, akaenda kuigiza huko wakampa jina la Black Dragon, muvi ya kwanza 1974, na iliyofuata anatumwa kuchunguza kifo cha Bruce Lee, yaani marehemu kageuzwa biashara hata udongo haujakauka. Anapiga kavu, hana madoido. Ukidhani ni mwigizaji tu basi jua kwamba Desemba 1994 alipanda ulingoni kwenye UFC 4, mashindano ya mapigano ya mitindo yote, kupigana na Royce Gracie akiwa na miaka 51. Alipoteza, ndiyo, ila we jaribu. Mwingine ni Carl Scott, Soul Brothers of Kung Fu ya 1977 na Sun Dragon ya 1979, huyu kwa wepesi wa miguu mi namweka juu hata ya Kelly na najua nitatukanwa.

Na Kareem Abdul-Jabbar, yule mcheza kikapu mrefu. Alikuwa mwanafunzi wa Bruce Lee tangu yuko chuoni UCLA, urafiki wa kweli, wakapiga kile kipande cha Game of Death mwaka 1972 ingawa picha ilikuja kutoka 1978 imeshonwashonwa na watu wa kufanana. Kile kipande kiangalie polepole. Kareem anampiga teke la kifua na unyayo unabaki kwenye ile suti ya njano, alama ya vumbi kubwa kuliko kifua chenyewe. Lee anagundua jamaa macho yake hayapendi mwanga, anaanza kutoboa madirisha. Hakuna mzaha wa rangi, hakuna mtumishi, ni watu wawili wanaoheshimiana wanatafutana udhaifu.

TekeLaHewani

Mzee Carl Scott juu ya Kelly hapana 😤 nakuheshimu lakini hapana.

KandaKanda ukimaliza za 70 usiishie hapo. The Last Dragon ya 1985, mwenye hela ni Berry Gordy wa kampuni ya muziki ya Motown, dogo wa Harlem anaitwa Bruce Leroy anakaa sinema anakula popkoni kwa vijiti vya Kichina na kwenye skrini wanaonyesha Enter the Dragon, halafu Sho'nuff, adui yake, anaingia na genge lake. Hao ndo watoto wa vile viti vya MzeeProjekta wameshakua. 1993 kundi la rap la Wu-Tang Clan wanaiita Staten Island, kwao New York, Shaolin na wimbo wa kwanza kwenye albamu unaanza na sauti zilizokatwa kutoka muvi ya Shaolin and Wu Tang. Walikuwa wanazibeba zile muvi kichwani neno kwa neno.

Sikubali_Kirahisi

Wu-Tang nakubali. Sasa mtu aanze na ipi, maana mmetaja kumi na kitu.

BiAfro

Black Belt Jones. Mafia wanataka jengo la shule ya kareti, Gloria Hendry ana mdomo kuliko Kelly na anapiga kuliko wanaume wote humo, na pambano la mwisho liko kwenye sehemu ya kuoshea magari, povu mpaka shingoni, watu wanaibuka wanapigwa wanazama tena. Halafu Cleopatra ya pili. Hot Potato, nyingine ya Kelly, usiiguse mpaka uwe umeishiwa kabisa.