Nimeuziwa "ramani halisi ya 1914" ya London, kumbe mikunjo yenyewe ni wino!

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimechafukwa.

Kuna muuzaji wa mtandaoni, jina namhifadhia kwa sasa, ananadi ramani za zamani za kitalii za London, zile zenye michoro ya vituko. Nikaagiza inayoitwa Wonderground, iliyochorwa na msanii MacDonald Gill, ya mwaka 1914. Tangazo lilisema "halisi, ina alama za umri". Nikalipa hela ya maana, na ni pauni hizo, si shilingi.

Mzigo umefika. Kwa macho, mikunjo inaonekana. Napitisha kidole: laini kama kalenda ya ukutani! Yaani wameskani ramani ya mtu iliyokunjwakunjwa, wakaichapa na makunyanzi yake, ndiyo "alama za umri" hizo. Hata doa la chai limechapwa. Nikaleta kioo cha kukuzia, nikakuta vidoti vya printa vimejipanga kama gwaride. Ile ya kweli ni litografia, uchapaji wa zamani wa jiwe au bamba, kila rangi ilipigwa peke yake, haiwezi kuwa na vidoti vya namna hiyo.

Nikamwandikia. Ananijibu: "Bosi, mchoro ni wa 1914, karatasi sikuizungumzia." Hela harudishi, eti nimeshafungua kifurushi. Sasa nisingefungua ningejuaje?

Kinachoniuma zaidi ni maandishi. Frank Pick, meneja wa biashara wa treni za chini ya ardhi za London enzi hizo, aliiagiza ramani hii ibandikwe stesheni zake, bango la zaidi ya mita moja, jiji limechorwa kama unalitazama toka angani, na vijitu vimejaa barabarani vikitupiana maneno ya utani. Inasimuliwa abiria walikuwa wanaachwa na treni wakiisoma. Hii takataka yangu imeminywa ikawa ndogo, herufi zimevurugika, hakuna utani hata mmoja unaosomeka! Ningetaka kujua njia tu ningebandika ile ramani ya njia za treni ya Harry Beck ya 1933, yenye mistari iliyonyooka tu, nikae kimya.

Na nakala si dhambi. Makumbusho ya usafiri ya London yenyewe inauza nakala, ila inakwambia ni nakala.

Mnaonunua, dai picha ya mgongo wa karatasi, iliyopigwa mwanga ukitokea ubavuni. Akianza kuzungusha maneno, kimbia.

Wadau mlioko Uingereza: nililipa kwa kadi. Kuna aliyewahi kurudishiwa na benki kwa kesi kama hii? Nianzie wapi?