Skyrim: nani hasa aliwasha moto, Ulfric au Himaya?

Mpekuzi wa Riverwood
Wakuu, nimemaliza gemu ya Skyrim tena, safari hii upande wa Stormcloak, waasi wa Ulfric wanaotaka Skyrim ijitenge na Himaya, na bado roho haijatulia. Ukiwa Windhelm, ngome ya Ulfric, utaambiwa vita vimetokana na Himaya kumuuza Talos, mungu wa Wanordi (watu wa Skyrim), kwa Thalmor, watawala wa ma-elf, kwenye mkataba wa White-Gold uliomaliza Vita Kuu na kupiga marufuku ibada yake. Sawa. Lakini mkataba ni wa mwaka 175 wa Enzi ya Nne, na yule mhunzi Alvor anasema utotoni mwake kila mtu alikuwa na kijimadhabahu chake cha Talos na hakuna aliyebughudhiwa. Himaya ilifumba macho. Kisha Ulfric na wenzake wakaanza kelele, ndipo watu wakaanza kukokotwa usiku. Mimi nasema chanzo ni Ulfric. Nipingeni kwa ushahidi, siyo kwa nyimbo za baa.

Binti Pedi
Alvor? Mpwa wake Hadvar ni askari wa Himaya, ulitegemea aseme nini? Anzia Markarth, mji wa eneo la Reach, magharibi mwa Skyrim. Mwaka 174, majeshi yakiwa kusini vitani, wenyeji wa Reach waliuteka mji. Mwaka 176 Ulfric na watu wake wakaukomboa, kwa ahadi kwamba wataachwa wamwabudu Talos waziwazi. Thalmor waliponusa hilo wakaja juu, Himaya ikanywea, Ulfric akatupwa jela. Umepewa kazi, umeimaliza, ujira wako pingu. Wewe ungenyamaza?

Kaka Mkubwa
Nyote mnazozana ndani ya mtego wa watu. Siku ya sherehe ubalozi wa Thalmor msikimbilie kutoka, pekueni masanduku ya Elenwen, balozi wao. Kuna jalada la Ulfric. Alitekwa Vita Kuu, Elenwen akamhoji, wakamwaminisha kuwa siri alizotoa ndizo zilizoangusha Imperial City, mji mkuu wa Himaya, kumbe mji ulikwisha anguka kabla hajafungua mdomo. Halafu wakamwacha "atoroke". Sakata la Markarth wanalisifia. Na ushindi wake hawautaki hata kidogo! Wanachotaka ni Wanordi na Himaya waendelee kuchinjana.

Mpekuzi wa Riverwood
Kaka, jalada nimelisoma, tena mstari kwa mstari. Linasema pia kwamba tangu Markarth Ulfric hashirikiani nao. Kwa hiyo safari ya Solitude, kumpigia Mfalme Mkuu Torygg wa Skyrim Sauti (ukelele wa kichawi) hadi kufa, ni yake mwenyewe. Ongea na Sybille Stentor, mchawi wa kasri la mfalme pale Blue Palace: Torygg alimhusudu Ulfric, na angeombwa tu huenda angetangaza uhuru. Mtu yuko tayari kukusikiliza, wewe unamuua?

Na msiniletee mfano wa Hammerfell, nchi jirani iliyoukataa mkataba wa White-Gold. Ni kweli Himaya iliitosa, ikapigana peke yake hadi mkataba wa pili wa Stros M'Kai mwaka 180, na Thalmor wakaondoka. Lakini kule makundi ya Crown na Forebear, mahasimu wa tangu na tangu, walipatana: Hegathe, mji wa Crown, ilipozingirwa, jeshi la Sentinel, mji wa Forebear, lilikwenda kuiokoa. Hawakuanza kwa kuuana wao kwa wao.

Binti Pedi
Hammerfell umenibana, nakiri. Ila shahidi wako mkuu ni mnyonya damu, mkuu. Sybille! Alvor nimemkataa kwa sababu ya mpwa tu, huyu nimpokee vipi?