Menota inanionyesha visanduku badala ya herufi, nifanyeje?

mgeni_wa_saga: Wakuu habari, nimeanza kujifunza Kinorse cha kale (lugha ya zamani ya Skandinavia) nikaingia Menota, ile hifadhi ya mtandaoni ya maandishi ya kale ya huko, kusoma GKS 2365 4to, ule mswada wa mashairi ya Edda, yale ya miungu na mashujaa wa kale, wa kama 1270 hivi. Sasa herufi kibao naona visanduku vitupu, halafu maandishi yaleyale yapo kwa namna tatu sijui nishike ipi. Msaada jamani.

kalamu_ya_bata: Visanduku ni fonti tu mkuu, shusha Junicode, ni ya bure na ina zile herufi za kizamani ambazo fonti za kawaida hazina. Hizo namna tatu sasa, moja inafuata mkono wa mwandishi mpaka vifupisho vyake, nyingine vifupisho vimefunguliwa ila tahajia imebaki yake, na ya mwisho tahajia imesawazishwa kama ya kwenye kamusi. We anza na hiyo ya mwisho, ukirukia ile ya kwanza utaikimbia lugha ndani ya wiki 😂

mgeni_wa_saga: Aah kumbe! Na picha za kurasa zenyewe?

bibi_ngozi: Nenda handrit.is, tovuti yenye orodha na picha za miswada, tafuta kwa namba ya mswada sio jina la saga (zile hadithi ndefu za kale za Iceland) maana saga moja inaweza kuwa kwenye miswada kibao. Ukiona AM mbele ya namba ujue ni mkusanyo wa Árni Magnússon, msomi wa Iceland aliyekusanya miswada, sehemu iko Reykjavík sehemu Copenhagen. Mi hufungua picha upande huu maandishi upande ule nasoma mstari kwa mstari, macho yanauma ila ndo nilivyozoea vile vifupisho.