MREJESHO: Wapiga upinde wa Uingereza na bunduki ya Gatling

Wakuu, asanteni sana kwa majibu. Niliuliza kama kwenye Civilization V, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola na kupigana vita, wapiga upinde mrefu wa Uingereza hubaki na uwezo wao maalum wakipandishwa daraja (kugeuzwa askari wa enzi mpya kwa dhahabu), au ni heri kungoja teknolojia mpya na kuunda askari wapya.

Hubaki nao, na tofauti ni kubwa mno. Nimejaribu hapa Kondele wikendi yote, stima ikiruhusu. Mpiga upinde mrefu hurusha umbali wa vigae 3 (vipande vya ramani), kimoja zaidi ya wenzake wa enzi hiyo. Ukimpandisha kuwa Gatling, ambayo kwa kawaida hufika kigae 1 tu, yeye hufika 2. Gatling iliyoundwa moja kwa moja mjini haianzi na hicho cha ziada! Kwa hiyo waunde mapema, wazoeshe vita, na uweke akiba ya dhahabu ya kuwapandisha. Ni lazima wawe ndani ya mipaka yako.

Ndugu wa Kakamega aliyetaja Chu-Ko-Nu, wapiga mishale maalum wa China, alisema kweli: kushambulia mara mbili kwa zamu hurithiwa pia. Kwangu hao ndio bora kuliko wote, kwa sababu hupata uzoefu upesi.

Ila gari la farasi la wapiga mishale huwa askari wa farasi wa kupigana ana kwa ana, na promosheni zake (uwezo wa ziada upatikanao kwa uzoefu) za kurusha hubaki bila kazi. Hao siwapandishi tena.