Mwanangu kachapwa kwa kukutwa na Rosa Mistika, maktaba ya shule imegeuzwa stoo ya mahindi

Habari zenu wakuu. Nimekaa na hili jambo tangu Alhamisi, nimejaribu kulimeza limekataa, acha niliseme hapa.

Binti yangu yupo kidato cha tatu shule ya serikali, jina la shule sitalitaja maana bado anasoma palepale. Alhamisi jioni karudi nyumbani hasemi na mtu, begi kalitupa, kaingia chumbani. Nikamfuata. Ananipa barua, mzazi afike shuleni kesho saa mbili, mwanafunzi amekutwa na kitabu kisicho na maadili. Moyo ukanilipuka paa, nikawaza mambo mengine kabisa, simu, picha chafu, sijui nini. Namwambia nioneshe mikono nakuta viganja vimevimba. Fimbo nne, mbele ya darasa zima.

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika.

Rosa Mistika ya Kezilahabi jamani! Mimi mwenyewe nilikisoma nikiwa sekondari, na mwalimu wetu wa Kiswahili ndo alitupa, akatuambia wasichana someni hiki. Kimetoka 1971 hicho kitabu. Na wenye umri wao humu wanajua kilishawahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu kinasema wazi yanayowapata mabinti mikononi mwa watu wazima, walimu wakiwemo, halafu baadaye kikaachiwa na kikaja kufundishwa sekondari hapa kwetu na Kenya. Yaani hiyo kesi ilishaamuliwa zamani, kitabu kikashinda, leo mwanangu anachapwa kwa kesi iliyokwisha kabla hajazaliwa.

Na kina nini? Kina msichana wa Ukerewe, baba mlevi anampiga kama ngoma, hataki hata aonekane anasalimiana na mvulana, hakuna anayekaa naye chini amwambie dunia ikoje. Anatoka pale anaenda masomoni mbali hajui kitu, anakutana na watu wazima wanaomtumia, anaharibikiwa mpaka mwisho ule ambao aliyesoma anaujua. Mzazi mwenye akili zake akikisoma anamkumbatia binti yake. Sisi tunachukua fimbo, yaani tunafanya kilekile alichofanya yule baba.

Ijumaa nikaenda. Mkuu wa shule ni mtu wa heshima sitaki kumvunjia, amenipokea vizuri, kiti, maji ya kunywa. Nikamuuliza, mwalimu shikamoo, samahani, hiki kitabu wewe umekisoma? Akasema hajakisoma ila amepewa taarifa na mwalimu wa nidhamu. Mwalimu wa nidhamu akaitwa, nikamuuliza na yeye. Hajakisoma. Kaona ukurasa mmoja. Mmoja! Nikamwambia nioneshe basi huo ukurasa, akasema kitabu kimehifadhiwa ofisini kama kielelezo. Kielelezo, utadhani bangi.

Sasa mimi nikauliza swali ambalo naona ndo liliwachukiza, maktaba yenu ina vitabu gani maana mtoto ameniambia hiki kitabu kilikuwa cha maktaba. Wakaangaliana. Nikasema naomba niingie nione, maana mimi ni mmoja wa wazazi tuliochanga elfu kumi kumi mwaka 2019 kununua mbao za shelfu. Ufunguo ukatafutwa karibu nusu saa, mara uko kwa mwalimu wa zamu, mara kwa mlinzi, mwisho umetoka kwa mpishi. Kwa mpishi wakuu! Mlango unafunguliwa nakuta magunia ya mahindi ya chakula cha mchana yamepangwa mpaka yameziba shelfu, ndoo za mafuta, meza mbovu, na kinyesi cha panya juu ya vitabu. Kamusi imeguguniwa kona yote ya chini mpaka karibu na herufi M.

Mezani kuna daftari kubwa la kuazimia, lile la mistari ya rula. Nikalifungua. Majina ya watoto, jina la kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Kurasa na kurasa, watoto walikuwa wanasoma! Siku moja nimehesabu majina kumi na tisa. Halafu mstari wa mwisho ni Februari 2023, kitabu Rosa Mistika, sehemu ya kurudisha iko wazi. Baada ya hapo karatasi nyeupe mpaka mwisho wa daftari.

Nadhani mnakumbuka Februari 2023 kilitokea nini. Waziri wa Elimu, Profesa Mkenda, alitangaza marufuku ya vitabu 16 mashuleni, ikiwemo ile mfululizo ya Diary of a Wimpy Kid, kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na malezi yetu. Sasa sikilizeni, mimi sio wale wanaosema mtoto asome chochote, kuna vitabu hata mimi sitaki darasa la nne avishike, na serikali ina haki ya kuangalia. Lakini vilikuwa kumi na sita. KUMI NA SITA. Vingi ni vya Kiingereza ambavyo shule ya kata kama yetu haijawahi hata kuviona. Rosa Mistika hata hawakuigusa. Ilikuwaje kwetu ikafungwa maktaba nzima?

Mwalimu mmoja wa zamani wa pale, ambaye ndo alikuwa anaisimamia ile maktaba kwa kujitolea baada ya vipindi, kanieleza kwa simu jana. Amri ilivyotoka watu waliogopa, maana ilisemwa shule itakayokutwa navyo itachukuliwa hatua. Listi yenyewe hakuna aliyeiona, ilikuja picha ya WhatsApp haisomeki. Basi wakaanza kuchambua kwa macho. Jalada lina msichana na mvulana, toa. Kichwa kina neno mapenzi, toa. Kitabu cha afya kina mchoro wa mwili, toa, kile ambacho mabinti walikuwa wanasomea mambo ya hedhi. Walipoona kazi inakuwa ndefu mtu akasema tufunge tu kwa muda. Huo muda mpaka leo haujaisha. Hakuna aliyeamriwa kufunga maktaba, ni woga tu ulioifunga, na woga hauna tarehe ya kwisha.

Na kinachouma zaidi, Aprili 13 mwaka uleule, miezi miwili tu mbele, wizara hiyohiyo ikagawa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, riwaya na ushairi wa Kiswahili. Nikafurahi kweli. Sasa riwaya hizo zinaandikwa zisomewe wapi? Juu ya magunia?

Nchi hii ina chuo cha ukutubi Bagamoyo, watu wanasomea kazi ya kuchagua vitabu na kujua kipi kinamfaa mtoto wa umri gani, wakimaliza wanazunguka na vyeti. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Desemba 9, 1967, siku ya Uhuru, hakuchagua siku ile kwa bahati mbaya. Halafu sisi ufunguo uko kwa mpishi.

Usiku ule binti yangu kaniambia kitu. Yule dada wa kwenye daftari hakukirudisha kwa sababu mlango ulikuwa umeshafungwa, akampa mwenzake, mwenzake akampa mwingine. Miaka yote hii kimekuwa kinapita mkono kwa mkono, kimefunikwa na karatasi ya kalenda ya zamani, na kwa ndani ya jalada wameandika majina yao kwa penseli. Yeye alikuwa wa thelathini na moja. Ndo kitabu pekee cha ile maktaba kilichokuwa bado kinafanya kazi, na sasa kiko kwenye droo ya mwalimu wa nidhamu.

Jumatano narudi shuleni. Nataka kitabu kirudi kwa watoto, nataka mahindi yatoke mle ndani, na kuhusu zile fimbo nataka anioneshe ziliandikwa wapi na nani aliidhinisha. Kama humu kuna mkutubi, mwalimu au afisa elimu mwenye nakala ya ile listi ya 2023 inayosomeka, tafadhali weka hapa kabla ya Jumatano asubuhi, nitaichapisha niende nayo. Na kama kwenye shule ya mtoto wako maktaba nayo imefungwa, andika mkoa tu, shule usiitaje.