Dairekti debiti ya gesi na umeme imeruka toka £118 mpaka £189, hii namba wanaitoa wapi?

Mkazi_wa_Leicester:
Habari wakuu, naombeni mnisaidie hasa nyie mlioko huku Uingereza muda mrefu. Nilihamia nyumba hii mwanzoni mwa mwezi wa kumi mwaka jana, kampuni ya gesi na umeme wakaniuliza vyumba vingapi na tunaishi wangapi, wakanipangia dairekti debiti (yale makato ya moja kwa moja toka benki) £118 kwa mwezi, nikakubali, na haijawahi kugoma hata mara moja. Sasa imekuja imeili kwamba kuanzia mwezi wa tano watakata £189 na kwenye apu inaonyesha nadaiwa £214. Hapo ndo kichwa kinauma, mtu unalipa kile walichokupangia wenyewe alafu unaambiwa una deni, deni limetoka wapi? Na si tunasikia kuna kikomo cha bei, sasa hicho kikomo kinazuia nini kama wanaweza kupandisha £71 kwa mpigo? Mi niko na watoto wawili na kipato kimoja, hiyo £71 sina pa kuitoa. Nataka tu kuelewa wanaipataje hii namba na kama naweza kuikataa.

hesabu_tu:
Pole sana dada. Hiyo namba ina hesabu nyuma yake na ukishaijua unaweza kuikagua mwenyewe. Wanakadiria utatumia uniti ngapi za umeme na gesi kwa mwaka mzima, wanazidisha na bei ya uniti, wanaongeza ile ada ya kila siku ambayo unalipa hata ukisafiri ukazima kila kitu, alafu wanaangalia akaunti yako ina deni au salio, wanajumlisha au kutoa, mwisho wanagawanya kwa miezi.

Mfano kwa namba za kukadiria tu. Ofgem, yaani wasimamizi wa soko la gesi na umeme, kwa namba walizoweka 2023 nyumba ya kawaida ilikuwa ni umeme 2,700 kWh na gesi 11,500 kWh kwa mwaka (kWh moja ndo uniti moja). Tuchukulie umeme peni 25 na gesi peni 6, umeme unakuwa £675, gesi £690, ada ya kila siku kwa vyote viwili tuseme peni 90 mara siku 365 ni kama £328. Jumla £1,693, gawanya 12 unapata £141. Sasa huyo mtu akiwa na deni la £240 wakaligawa kwa miezi 12 inakuja £161, wakiligawa kwa miezi 6 inakuja £181. Umeona hapo, matumizi ni yale yale, bei ni ile ile, ila uamuzi wa deni lilipwe kwa muda gani peke yake unabadilisha £20 kila mwezi. Na huo uamuzi unajadilika, watu wengi hawajui.

Kuhusu kikomo cha bei, kipo toka Januari 2019 na saivi kinabadilika kila miezi mitatu, lakini kinazuia bei ya uniti moja na ada ya kila siku kwa wale walioko kwenye bei ya kawaida isiyofungwa, yaani inayopanda na kushuka. Hakizuii jumla ya bili. Ile namba kubwa inayotangazwa kwenye taarifa ya habari ni ya ile nyumba ya mfano, wewe ukitumia zaidi utalipa zaidi, ukitumia kidogo utalipa kidogo. Na kiasi cha dairekti debiti ni kitu kingine kabisa, huo ni mpango wa malipo tu, sio bei.

Deni lako nahisi najua limetoka wapi. Umeingia mwezi wa kumi. Dairekti debiti ya kiasi kimoja inategemea kwamba kiangazi unalipa zaidi ya unachotumia, salio linapanda, alafu baridi ikija boila inakula lile salio. Wewe umeanzia upande wa baridi moja kwa moja bila akiba ya kiangazi, kwahiyo kufika mwezi wa tatu kuwa na deni kiasi ni jambo la kutegemewa hata kama £118 ilikuwa sahihi. Tatizo ni wao walivyolisoma. Tuambie jumla ya bili zako toka uhamie ni ngapi, na kwenye bili pembeni ya namba za mita kuna herufi gani, A, C au E?

Mzee_wa_Cardiff:
Mwanangu we nenda benki futa hiyo dairekti debiti leo leo, kila mwezi soma mita mwenyewe, ukiletewa bili unalipa ulichotumia basi. Hela yangu ikae kwangu, sio nikawakopeshe kampuni kiangazi kizima.

binti_wa_Tanga:
Shikamoo mzee, nakuelewa ila tumpe dada picha nzima asije akaumia. Kweli ana haki ya kuifuta benki muda wowote, lakini akifuta akawa analipa akiletewa bili, kampuni itamhamishia bei ya wanaolipa kwa bili, na kikomo cha bei cha Ofgem kwa hao kiko juu kuliko cha dairekti debiti. Kwahiyo atalipa zaidi kwa uniti zile zile. Alafu deni litabaki pale pale. Kufuta kwanza kabla ya kuongea nao mi simshauri.

Mzee_wa_Cardiff:
Marahaba binti. Hilo la bei tofauti ni kweli, ahsante kwa kulisema. Basi aongee nao kwanza.

Mkazi_wa_Leicester:
Asanteni jamani. Nimekaa nikafungua bili zote. Nimelipa miezi sita, £708. Jumla ya bili £922, ndo hiyo tofauti ya £214. Herufi kwenye umeme ni A zote. Kwenye gesi bili za mwisho zote ni E, na mita ni smati mita, ile inayotuma namba yenyewe, sasa sielewi kwanini wakadirie. Nimetoka nje kuisoma, kiboksi cha mita ya gesi kiko ukutani pembeni ya mlango, bili inasema 2431 na mita yenyewe inaonyesha 02318. Namba ya siku ya kuhamia iko sawa nilipiga picha.

hesabu_tu:
Dada hapo umemaliza kazi yote, subiri nikuonyeshe.

Kwanza £189. Chukua £922 ya miezi sita ya baridi, izidishe mara mbili kana kwamba na kiangazi utawasha hita vile vile, unapata £1,844. Gawanya 12 ni £153.67. Sasa deni £214 gawanya kwa miezi 6 ni £35.67. Jumlisha, £189 na senti. Siwezi kuapa kwamba ndivyo mfumo wao ulivyofanya ila namba imekaa pale pale, na ndo swali la kwanza la kuwauliza: matumizi yangu ya mwaka mmekadiria ngapi, na deni mmeligawa kwa miezi mingapi?

Pili gesi. E maana yake makadirio, A ni namba halisi iliyosomwa, C ni uliyotuma wewe mteja. Smati mita ya gesi haipigi simu yenyewe, inapitisha namba zake kwenye kifaa kilichoko kwenye mita ya umeme, mawasiliano kati ya hizo mbili yakikatika umeme unaendelea kutuma na gesi inakaa kimya, kampuni inabaki inakisia. Ndo maana una A huku na E kule. Na wanavyokisia wanatumia makadirio ya mwaka yaliyobandikwa kwenye ile mita, ambayo kwa aliyehamia karibuni yanakuwa ni tabia ya mtu aliyekaa humo kabla yako. Kama yeye alikuwa na hita inawaka mchana kutwa, wewe unarithi.

Tofauti ya 2431 na 2318 ni mita za ujazo 113. Kugeuza kuwa kWh unazidisha na 1.02264, unazidisha na kiwango cha nishati ya gesi (calorific value) kilichoandikwa kwenye bili (kinakuwaga 39 na ushee), unagawanya na 3.6. Inakuja karibu 1,260 kWh. Kwa peni 6 hiyo ni kama £75 ambayo hujaitumia. Kwahiyo deni lako halisi liko kwenye £139, na miezi sita ya baridi umetumia £847 sio £922.

Sasa kiangazi weka hata £500 kwa miezi sita, ada ya kila siku ikiwemo, mi naona inatosha kwa nyumba ya watu watatu. Mwaka mzima £1,347, kwa mwezi £112. Deni £139 kwa miezi 12 ni £12 hivi. Jumla £124. Hiyo ndo namba ya kwenda nayo. Ona kwamba ile £118 ya mwanzo haikuwa mbali na ukweli hata kidogo, kilichoharibika ni makadirio ya gesi na kuzidisha baridi mara mbili.

binti_wa_Tanga:
Mkuu umenifurahisha na hiyo hesabu. Mi naongeza upande wa haki zako dada, maana ukipiga simu mtu wa huduma kwa wateja anaweza kukwambia mfumo ndo umepanga, haiwezekani kubadilisha. Sio kweli. Masharti ya leseni yanaibana kampuni kwamba kiasi cha dairekti debiti lazima kitokane na taarifa bora na za karibuni zaidi walizonazo, na lazima wakueleze kwa lugha inayoeleweka wamekifikiaje. Ukishatuma namba halisi ya mita, hiyo ndo taarifa ya karibuni, hawana sababu ya kung'ang'ania E. Piga picha mita na namba yake ya usajili (serial number) ionekane, tuma kwenye apu au imeili ili ushahidi ubaki, alafu ndo upige.

Na hili halijaanza na wewe. Mwaka 2022 bei zilipopanda Ofgem walikagua makampuni wakakuta kati ya Februari na Aprili kaya zaidi ya 500,000 zilipandishiwa dairekti debiti kwa zaidi ya asilimia 100, wakayaamuru yarudie kukagua. Kwahiyo usijione unasumbua watu.

Wakikataa, andika kwamba ni malalamiko rasmi, tumia neno lenyewe malalamiko. Zikipita wiki 8 bila suluhisho, au wakikupa barua kwamba wamefika mwisho, unapeleka Energy Ombudsman, yaani msuluhishi huru wa malalamiko ya gesi na umeme, bure kabisa, na uamuzi wake ukiukubali kampuni inalazimika kuufuata. Katikati hapo Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wanakusaidia hata kuandika. Walioko Ireland ya Kaskazini hii yote ni tofauti, Ofgem hawafiki huko.

Kitu kingine, wakitaka kubadilisha kiasi lazima wakutaarifu mapema, kwa kawaida siku 10 za kazi kabla. Wakikata kiasi ambacho hawakukutaarifu, benki inakurudishia chini ya dhamana ya dairekti debiti. Ila usiitumie hiyo dhamana kugombania bili, ukirudishiwa hela ambayo hukustahili unatakiwa kuilipa tena na akaunti yako inaingia kwenye deni zaidi.

kaka_Luton:
Kuna njia ya tatu hamjaisema, baadhi ya makampuni wana dairekti debiti inayobadilika, wanasoma mita kila mwezi wanakata ulichotumia. Kadiri ninavyoiona mimi unabaki na bei ya dairekti debiti, hakuna deni linaloota wala salio linalolala kwao. Natumia hii na sirudi nyuma.

binti_wa_Tanga:
Ni nzuri kaka, ila kwa mtu mwenye kipato kimoja na watoto fikiria Januari. Matumizi yake ya baridi ni £847 kwa miezi sita, na hayagawanyiki sawa, Desemba na Januari zinaweza kukata £180 kila moja na ndo miezi hela haipo. Na mita yake ya gesi saivi haitumi namba, kwahiyo angekatwa kwa makadirio vile vile. Mi namshauri abaki na kiasi kimoja kilichopangwa vizuri, wakimrekebishia mita ndo afikirie.

kaka_Luton:
Hapo kwenye mita umenipata.

Mkazi_wa_Leicester:
Wakuu nimerudi. Nilituma picha kwanza kama alivosema binti_wa_Tanga, nikasubiri namba ionekane kwenye akaunti, ndo nikapiga. Mara ya kwanza nikaambiwa mfumo umependekeza £189 na wao wanaweza kushusha mpaka £170 tu. Nikauliza yale maswali mawili, makadirio ya mwaka ni kiasi gani na deni limegawanywa kwa miezi mingapi. Yule dada akakaa kimya anatafuta, akasema £1,844 na miezi sita. Namba ile ile ya mkuu! Nikamwambia hiyo ni baridi mara mbili, na gesi ilikuwa E. Akanihamishia kwa mwingine, huyo akatoa bili upya, deni limekuja £138.60, deni limegawanywa kwa miezi 12 na dairekti debiti wameweka £125. Mita wanatuma fundi. Nimewaomba waniandikie haya yote kwenye imeili na imeshafika. Siwezi kueleza nilivyopumua jamani, asanteni sana sana.

hesabu_tu:
Safi sana dada, umewabana vizuri. Sasa hiyo £125 ina kazi ya kufanya kiangazi. Mwezi wa nane utaona salio linapanda, hiyo ni ya Januari. Usiiombe irudishwe hata kama una haki ya kuiomba, labda iwe kubwa kupita kiasi. Likivuka kama £300 mwezi wa tisa mwishoni ndo uwaulize kwanini wameshikilia kiasi hicho.

Na mpaka fundi aje, wewe tuma namba ya gesi kila mwezi, na zaidi ya yote siku moja kabla ya bei kubadilika, yaani mwisho wa mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili. Bei mpya zinaanza tarehe 1, na mita isiposomwa hapo kampuni inakisia ni uniti ngapi ziko kwenye bei ya zamani na ngapi ziko kwenye mpya.

Mkazi_wa_Leicester:
Nimeweka alamu kwenye simu kwa hizo tarehe nne. Mkuu swali la mwisho, fundi akibadilisha mita nzima hizo namba zinaanza sifuri?

hesabu_tu:
Mara nyingi ndiyo, mpya inaanzia sifuri au karibu na hapo. Piga picha ya mita ya zamani kabla hajaifungua, na picha ya mpya kabla hajaondoka, namba ya usajili ionekane kwenye zote mbili.